Fyuzi Niliyoichomoa Ijumaa

Mwezi uliopita nililipeleka gari langu kwa kijana mmoja pale Makambako, fundi wa umeme wa magari, kwa sababu taa ya injini ilikuwa imewaka na haizimi. Akachomeka kidude chini ya usukani, kidogo kuliko kiberiti, akatoa simu mfukoni, na kabla sijamaliza kumsalimia mwenzake gari lilikuwa limeshasema yote kwenye kioo cha simu. "Makosa mawili, dada," akaniambia. "Nifute?" Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nilimshika mkono. Sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe. "Usifute kwanza," nikamwambia, na sauti ilitoka kali kiasi kwamba aliniomba radhi bila kujua amekosa nini. Ilibidi nimweleze, lakini kwenye kelele za ile mashine ya kujazia upepo nilimweleza robo tu. Hapa nataka nieleze yote.

Tulikuwa tunakaa nje kidogo ya Njombe, karibu na misheni, kwenye nyumba ya walimu yenye bati jekundu na miti ya miwati nyuma yake. Mama alifundisha darasa la tano. Baba alikuwa dereva, na mwaka ule alipata kazi na watu waliokuwa wakichoronga miamba kule Liganga, Ludewa, wakitaka kujua chuma kimelala kina gani. Aliondoka na begi moja. Gari lake alituachia sisi, gari dogo jeupe la Kijapani, kuukuu, lenye mlango mmoja wa kijivu uliotoka kwenye gari jingine. Ndani lilinuka viazi na sweta bichi, na yale mafuta ya mgando aliyokuwa akijipaka mikononi baridi isimpasue. Asubuhi ya kuondoka aliligonga boneti mara mbili kwa kiganja, akaniambia, "Nitunzie gari, Skola. Nitalifuata."

Maneno yale niliyapokea kama yalivyo. Gari lipo, basi Baba atarudi kulifuata. Gari likiondoka, hatakuwa na cha kufuata. Nilikuwa na miaka tisa na sikuona kasoro yoyote katika hesabu hiyo.

Mama alijifunza kuendesha kwenye uwanja wa mpira wa shule, jioni baada ya vipindi, wanafunzi wake wakitazama kutoka golini. Gari liliruka kama chura, likazima, likawaka, likaruka tena. Wanafunzi walicheka mpaka wakachoka, na walipochoka yeye alikuwa bado anazunguka. Alikuwa hivyo katika mambo mengi. Hakuwa na kelele, ila hakuwa mtu wa kuacha jambo njiani.

Mtu wa nne katika habari hii ni Bibi, mama yake Mama, tuliyekuwa tukiishi naye. Macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Mimi nilidhani kweli kuna mtoto amekaa humo ndani, na mara nyingi nilimkaribia Bibi usoni nikitafuta kichwa chake. Niliona weupe tu, kama maziwa yaliyomwagwa kwenye maji. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafungika kabisa. Kwa lile la kulia alitofautisha mchana na kivuli, na mtu akisimama mlangoni alijua kuna mtu, lakini mpaka umsalimie "Kamwene", salamu ya kwetu, ndipo akujue ni nani.

Gari lilianza kusumbua mwezi wa sita, majira ambayo asubuhi unakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu na ukungu haupandi mpaka saa nne. Tulikuwa tunatoka gulioni, Mama na mimi, na magunia mawili ya viazi nyuma. Injini ikakohoa, ikakata. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya rangi ya chungwa ambayo mimi siku zote niliiona kama kuku anayeatamia. Mama alisubiri kidogo, akawasha, likawaka, tukaenda nyumbani kama hakuna kilichotokea. Kesho yake likarudia. Jumamosi akalipeleka kwa Fundi Alfredi.

Fundi Alfredi alikuwa mzee mrefu aliyewahi kuendesha magari ya misheni, na alifanya kazi chini ya paa la bati lisilo na kuta, amevaa sweta la kijani ambalo mikono yake ilikuwa imeisha kwenye viwiko. Alisema maneno machache na aliyasema mara moja. Aliposikia gari limekata, hakugusa injini kwanza. Alifungua boneti, akafunua kifuniko cha kiboksi kidogo cha plastiki kilichojaa matundu, akachukua kipande cha waya kilichokunjwa kama herufi U, akaunganisha matundu mawili. Kisha akamwambia Mama awashe swichi bila kupiga stata.

"Sasa itazame taa, Mwalimu. Hesabu."

Niliingia kiti cha mbele nikahesabu mimi. Kuku aliwaka mara moja, akatulia. Akawaka mara nne haraka haraka, akatulia kwa muda mrefu zaidi. Kisha tena, mara moja, halafu mara nne.

"Moja, kisha nne," nikasema.

"Kumi na nne," Fundi Alfredi akasema. Alitoa kwenye droo karatasi iliyochakaa, iliyopakwa grisi, akaweka kidole kwenye mstari. Alitueleza kwamba gari lile lina kompyuta ndogo, na kompyuta hiyo ikitoa amri ya kurusha cheche husubiri jibu kwamba cheche imerushwa. Jibu lisipofika, hukata petroli na kuandika kosa. Kosa likishaandikwa hubaki humo, hata taa ikizima, hata ukilaza gari wiki nzima.

"Gari halisingizii," akasema. "Linaandika lilichokiona tu."

Mama aliomba ile karatasi ainakili. Fundi akamtazama. "Mwalimu, hii ni kazi yetu."

"Najua, Fundi. Lakini nyinyi mko hapa, mimi nitakuwa barabarani."

Alinakili yote, namba na maana zake, kwenye daftari la hesabu la darasa la tano, akiwa ameegemea ubavu wa gari, na Fundi akampa kipande cha waya bila kuombwa. Kisha akasafisha hapa na pale, akatikisa nyaya, na mwishoni akafungua boksi la fyuzi. Ndani ya kifuniko kulikuwa na kikoleo cha plastiki nyeupe. Alikitumia kuchomoa fyuzi moja, akaishika hewani akihesabu kimoyomoyo, akairudisha. Aliporudia kuunganisha waya, kuku aliwaka na kuzima haraka haraka, sawasawa, bila kupumzika.

"Hivyo maana yake hakuna kosa," akasema. "Nimelifutia. Endesha wiki moja, Mwalimu, nirudishie Jumamosi nisome. Likiwa safi, tumepona. Likiandika tena kumi na nne, itabidi tutafute kifaa, na hicho hakipo Njombe." Akaongeza jambo ambalo mimi sikulisikiliza: "Usifute kabla hujaupata ugonjwa. Soma, andika, tafuta, tengeneza. Kufuta ni mwisho."

Mimi nilichosikia ni kwamba gari lilikuwa linaumwa, likachomolewa fyuzi, likapona.

Jumapili baada ya misa Mama alikwenda kwenye kichuguu karibu na tangi la maji, mahali pekee simu iliposhika, akampigia Baba. Nilisimama chini yake. Sauti ya Baba ilitoka nyembamba lakini niliisikia.

"Likirudia tena, liuze," alisema. "Yupo mtu Lyamkena analitaka. Usije ukakwama njiani na mama mzee."

"Nimesikia," Mama akasema. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba kusikia na kukubali kwake ni vitu viwili. Lakini neno liuze lilikuwa limeshaniingia tumboni, na halikutoka wiki nzima.

Alhamisi tulikuwa tunatoka shuleni. Kulikuwa na manyunyu. Tulipopita juu ya daraja la mbao kwenye kijito, gari lilitikisika, injini ikashtuka kama mtu anayepitiwa na usingizi kanisani, na kuku akawaka. Aliwaka kwa muda wa kupepesa jicho, akazima. Mama alikuwa anatazama mbao.

"Nimeachia klachi vibaya," akasema, akijisemea mwenyewe.

Mimi nilijua si klachi. Nilijua pia kwamba humo ndani, mahali nisipopaona, gari lilikuwa limeshaandika. Moja, kisha nne. Na Jumamosi Fundi Alfredi angechomeka waya wake na gari lingesema, na mtu wa Lyamkena angekuja.

Ijumaa mchana Mama alibaki shuleni kusahihisha mitihani. Bibi alikuwa anaota jua ukutani. Nilifungua mlango wa gari, nikavuta kile kikono cha chini ya dashibodi, nikapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikainua boneti kwa kichwa na mikono miwili mpaka nikaweza kuisimamisha kwenye fimbo yake. Niliijua ile fyuzi, niliikariri nilipomwangalia Fundi, ya pili kutoka pembeni. Nilitumia kikoleo cheupe. Ilikuwa ngumu, nikavuta mpaka machozi yakanitoka, kisha ikatoka ghafla, na nikabaki nimeshika kitu kidogo kama jino.

"Nani huyo?" Bibi akauliza kutoka ukutani.

"Mimi, Bibi. Nasafisha gari la Baba."

"Safi sana, mjukuu wangu."

Nilihesabu mpaka mia mbili ili nisikosee. Nikairudisha, nikafunga. Nilihisi vile ninavyohisi hata leo nikimvika mtoto aliyelowa nguo kavu. Niliamini nimelitibu.

Jumamosi kuku aliwaka haraka haraka, sawasawa, bila kupumzika. Fundi Alfredi alitazama kwa muda mrefu.

"Halijakata wiki hii, Mwalimu?"

"Liliruka kidogo Alhamisi, darajani. Nadhani ni klachi, ni mimi."

"Basi ni wewe. Lingekuwa lenyewe lingeandika." Akachomoa waya wake, akamrudishia Mama funguo. Nilitazama pembeni. Sikuona aibu, niseme ukweli. Nilijiona daktari.

Wiki iliyofuata tangazo lilisomwa kanisani kwamba madaktari wa macho wangekuja hospitali moja ya misheni upande wa Makambako kwa siku tatu. Bibi alikuwa ameshaandikishwa, na jina lake lilitoka siku ya mwisho, asubuhi. Kwa kawaida tungepanda basi. Lakini Bibi alikuwa anaogopa kupanda na kushuka kwenye mabasi, alishaanguka mara moja, na Mama akasema gari limepimwa na ni safi, tutakwenda wenyewe, Bibi akae mbele na blanketi lake.

Tuliondoka saa kumi na mbili. Ukungu ulikuwa mzito, Mama alifuata mstari mweupe wa kando ya barabara kama mtu anayefuata kamba. Bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka, na njia nzima aliuliza, "Tumefika wapi?" Mama alitaja mahali na yeye akasema nani wa ukoo wake aliolewa pale. Tulikuwa tumeshaiacha Njombe mbali nyuma yetu, tukipanda mlima katikati ya miti ya misindano, gari likatikisika kwenye shimo. Kuku akawaka. Injini ikakata.

Mama aliliacha lirudi nyuma mpaka pembeni, akavuta breki. Akapiga stata. Akapiga tena. Likazunguka bila kuwaka. Alishuka, akasimama barabarani na kumpungia mkono dereva wa basi la kwanza, likapita limejaa. La pili nadhani halikutuona ndani ya ukungu. Nilimwona amesimama pale na koti lake la shule, mikono imeshuka, kwa muda wa pumzi mbili tatu hivi. Kisha akageuka, akaja, akachukua lile daftari la hesabu na kipande cha waya kwenye sanduku la dashibodi.

"Skola. Hesabu."

Nilihesabu. Moja. Nne. Moja. Nne. Nilitamka kwa sauti ndogo sana, akanifanya nirudie.

"Kumi na nne," akasema. Akaja dirishani. Uso wake ulikuwa umelowa. "Lakini Jumamosi lilikuwa safi. Fundi amelisoma. Mimi nimeona."

Bibi alikuwa amegeuza sikio. Nilitazama magoti yangu.

"Nililifuta, Mama."

"Ulifuta nini?"

"Nilichomoa fyuzi Ijumaa. Liliwaka Alhamisi, nikaona. Nikalifuta ili lisiseme."

Nilingoja kofi. Lilikuwa halali yangu na nadhani ningelipokea kwa nafuu. Mama alinitazama, na kwa mara ya kwanza maishani sikuweza kusoma uso wake. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya darasani anapotaka mwanafunzi arudie hatua kwa hatua:

"Alhamisi liliwaka wapi?"

"Darajani."

"Kabla ya kupanda mbao au juu ya mbao?"

"Juu. Lilipotikisika."

"Na leo limekata kwenye shimo." Alisema hayo akiwa ameshageuka. "Na siku zote ni unyevu. Kuna kitu kimelegea. Shuka unishikie boneti, ile fimbo siiamini."

Alifuata nyaya kwa vidole. Hakuwa anajua majina yake, lakini alijua kwenye daftari kumi na nne ni habari ya cheche, kwa hiyo alianza kwenye nyaya nene zinazopeleka moto kwenye plagi, akarudi nyuma kidogo kidogo, kila soketi akiishika na kuitikisa. Ukungu ulitudondokea shingoni. Mikono yangu ilikufa ganzi kwa uzito wa boneti, na sikusema. Malori yalipita yakatutikisa. Soketi ya kwanza ilikuwa imara, ya pili imara, ya tatu imara. Nilitaka aniambie kitu, chochote, lakini alikuwa anaongea na nyaya tu. Muda mwingi ulipita hivyo, na jua likawa doa jeupe juu ya misindano.

Soketi aliyoitafuta ilikuwa upande wa chini, karibu na ukuta wa injini, kwenye kiboksi cha chuma kisichozidi sabuni ya kufulia. Kilimi chake cha kufungia kilikuwa kimevunjika. Aliivuta ikatoka bila hata kushindana. Ndani, kwenye meno yake, jino moja lilikuwa limeota kutu ya kijani.

"Mama," akamwambia Bibi kupitia dirishani, "niazime pini yako."

Bibi akaitoa kwenye kitenge bila kuuliza ya nini. Mama alikwangua lile jino kwa ncha ya pini mpaka likang'aa, akalikausha kwa ushungi wake, akachana ukanda kwenye ushungi huohuo, akaifunga soketi mizunguko minne na kukaza fundo kwa meno. Akaingia, akapiga stata. Likawaka. Hakushangilia. Alishuka, akaitikisa ile soketi kwa nguvu injini ikiwa inaunguruma, ikaendelea kuunguruma.

Mimi nilikuwa nimeshashika kikoleo cheupe. Nilidhani nasaidia.

"Usifute," akasema. "Liache lilivyoandika. Fundi lazima aone."

Tulifika hospitali saa tano na nusu. Orodha ilikuwa imefungwa. Muuguzi kwenye dirisha alikuwa mpole, na upole wake ulifanya mambo yawe magumu zaidi. Mama alimweleza yote isipokuwa sehemu yangu. Akaomba. Alipoambiwa haiwezekani alimkalisha Bibi kwenye benchi la mbele kabisa, akakaa kando yake, na hakuondoka. Saa tisa daktari mmoja alitoka amevua kofia, akatuona, akamulika macho ya Bibi palepale kwenye benchi.

"La kushoto tumechelewa," akasema. "La kulia linafaa kabisa. Lakini leo vifaa vimeshafungwa, mama yangu. Tutarudi, sijui lini. Nitaandika jina lake la kwanza."

Bibi alimshukuru. Njiani kurudi hakuuliza tumefika wapi.

Nyumbani Mama alinikalisha jikoni. Aliniuliza kwa nini, na nikamwambia habari ya Baba kulifuata gari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavaa koti, akanishika mkono mpaka kwenye kichuguu, akapiga simu, akanipa. "Mwulize mwenyewe."

"Gari likiuzwa utarudi?" nikauliza.

Kulikuwa na upepo kule Liganga, niliusikia kwenye simu. "Skola," Baba akasema, "nani kakuambia mimi nafuata gari?" Akaomba kuongea na Mama. Mama alimwambia maneno machache tu: tatizo limeonekana, gari haliuzwi. Nilimsikia Baba akisema, "Sawa, Mwalimu," na yeye hakuwa na desturi ya kumwita hivyo.

Tulipokuwa tunashuka kwenye kichuguu Mama alisema, "Mimi sikupigi. Lakini Bibi amekosa jicho kwa sababu yako, na utamwambia wewe. Na mpaka hao madaktari warudi, wewe ndiye utakayemwongoza."

Bibi alikuwa amesikia yote siku ile barabarani, alikuwa umbali wa mkono. Hilo nililijua, na bado kumwambia kulinichukua siku nne. Nilimwambia tukiwa njiani kwenda shambani, mkono wake ukiwa juu ya bega langu. Nilieleza mpaka ndoo niliyopanda.

"Ndiyo kusema ile Ijumaa ulipokuwa unasafisha gari," Bibi akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na mimi nikakwambia safi sana." Bega langu lilihisi mkono wake ukikaza, nikafikiri anataka kunifinya, kumbe alikuwa anavuka mfereji. "Basi nisimulie njia. Kuna nini mbele?"

Nikaanza kumsimulia. Nilimsimulia miezi saba. Asubuhi kabla ya shule nilimpeleka chooni na jikoni, mchana shambani kwake, ambako alipalilia kwa kupapasa, akitofautisha haragwe na gugu kwa vidole, mimi nikimwonyesha mwisho wa tuta. Jumapili nilimpeleka kanisani na kumnong'oneza nani amevaa nini. Alitaka mambo sahihi. Nikisema "kitenge kizuri" aliniuliza rangi gani, maua gani, kipya au kimefuliwa. Wenzangu walicheza rede nje ya misheni na mimi nilikaa naye benchini. Nililia mara mbili kwa kuchoka, mara zote mbili chooni, nikanawa uso.

Kila Jumamosi nilipanda kwenye gari. Fundi Alfredi alikuwa ameona ile kumi na nne kwa macho yake, akaweka soketi nyingine, na baada ya hapo alifuta. Lakini aliniagiza niendelee kulisoma mwenyewe kila wiki na kuandika kwenye daftari, na nisiguse fyuzi. Alinieleza mara moja, kama kawaida yake, na safari hii nilisikia yote. Niliandika "safi" Jumamosi baada ya Jumamosi. Mara moja tu liliandika mbili, kisha mbili, na sikupepesa, nilikimbia nikamwambia Mama papo hapo. Ilikuwa waya wa kupimia joto la maji, panya alikuwa ameung'ata.

Madaktari walirudi mvua zikiwa zimeshakuza mahindi. Safari hii Mama alitaka tuondoke mapema zaidi, na kabla ya kuondoka alinipa waya mwenyewe akasimama kando. Nililisoma. Lilikuwa safi, nikamwambia, na akaniamini. Tulifika geti halijafunguliwa. Jina la Bibi lilikuwa la kwanza kama daktari alivyosema.

Alilala pale usiku mmoja, na kesho yake walimfungua bendeji mbele yetu. Alipepesa. Alitazama dirisha, akatazama mikono yake kwa muda mrefu, akamtazama Mama akasema, "Umezeeka, mwanangu," na Mama akacheka huku analia. Mimi nilibaki nyuma ya kitanda. Bibi alinitafuta kwa lile jicho moja, akanipata. Hakusema lolote la maana. Alisema sweta langu limetoboka kwenye kiwiko, na kwamba katika miezi yote ile ya kusimulia hilo sikulisema.

Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani niliamka asubuhi kama nilivyozoea, bado macho mazito, nikaenda upande wa kitanda chake nikainamisha bega. Nilisubiri. Hakuna mkono uliokuja. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa.

Nilitoka nje bila viatu. Ukungu ulikuwa unainuka kutoka kwenye miwati, na kule chini, mwisho wa njia ambayo niliijua kila jiwe, Bibi alikuwa peke yake katikati ya maharage yake, jembe mkononi, akisogea kwenye tuta kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona kwake. Nilikimbia mpaka mferejini, nikasimama. Alikuwa ananipa mgongo. Nilitaka kumwita, nimwambie kuna mfereji, kuna mawe, anisubiri. Alinyooka, akageuka, akaniona kutoka mbali kabisa, mimi na si kivuli cha mtu.

"Kamwene, Skola," akasema yeye kwanza.

Bega langu lilikuwa jepesi, sikujua nilifanyie nini.